Ukurasa Uleule, Vitabu Tofauti: Tulivyojiandaa kwa Safari ya Disney

Kaka yangu anaishi Tampa, jimbo la Florida, na kila akipiga simu wakati wa Krismasi neno lake lilikuwa moja: "Dada, walete watoto wamwone mjomba wao." Tulidunduliza. Mwaka 2024 mimi na baba watoto tukakubaliana kwamba Desemba, shule zikifungwa, tunakwenda, na Mama yangu tunakwenda naye. Kutoka kwa kaka hadi Walt Disney World, lile eneo la bustani za michezo za Disney karibu na Orlando, ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari. Watoto walishajua zamani wanataka kwenda wapi.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta kitabu cha mwongozo. Naandika jinsi nilivyokichagua kwa sababu nimeona watu wanaoweka akiba miaka na miaka, wanahangaikia viza na nauli, kisha siku zenyewe za matembezi wanaziacha zijipange. Kwa familia ya mshahara wa serikali, safari ya namna hii hairudiwi. Mwaka huo tiketi ya siku moja ya mtu mzima ilianzia dola 109 na ilifika hadi 189, kutegemea tarehe na bustani unayoingia. Zidisha kwa idadi yenu, zidisha kwa siku, kisha geuza iwe shilingi. Saa moja uliyokaa kwenye foleni ambayo hukuwa na haja nayo unaweza kabisa kuipigia bei.

La kwanza kabisa, kitabu kiwe cha mahali unakokwenda. Hapa Dodoma mtu akisema "Disneyland" mara nyingi anazikusanya zote kwa pamoja. Ziko sehemu sita duniani: California tangu 1955, Florida tangu 1971, Tokyo 1983, Paris 1992, Hong Kong 2005 na Shanghai 2016. California na Florida ni nchi moja, lakini kati yao ni saa kadhaa za ndege, na majina mengi ya michezo yanafanana. Treni ya gizani iitwayo Space Mountain iko kote kuwili. California mtoto anaruhusiwa kuipanda akiwa na sentimeta 102, Florida mpaka afike 112. Mzazi aliyesoma kitabu cha California akaenda Florida atamwahidi mwanawe kitu ambacho mlinzi wa mlangoni atakikataa.

Na ya Florida nayo si uwanja mmoja. Ni eneo la zaidi ya kilomita za mraba 100, lenye bustani kubwa nne: Magic Kingdom, iliyofunguliwa 1971, EPCOT ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Kila moja ina lango lake na maegesho yake, na kwa kawaida hutembei kwa miguu kutoka hii kwenda ile kama unavyozunguka Nyerere Square.

Mwenzangu wa ofisini kule Mtumba alinipa kitabu alichoachiwa na rafiki yake, toleo la 2018. Nilikisoma kwa makini sana, na ninamshukuru hadi leo, kwa sababu kitabu kile cha zamani ndicho kilichonifundisha namna ya kukagua vipya. Nilikaa nacho jioni, simu mkononi, nikawa naweka alama ya penseli pembeni kila nilipokuta jambo lililokufa. Mfumo wa bure wa kupunguza foleni uliokuwa ukiitwa FastPass+ ulikwisha mwaka 2021. Basi la bure la kutoka uwanja wa ndege wa Orlando kwenda hoteli za Disney lilisitishwa 2022 ilipoanza. Splash Mountain, ule mteremko wa maji ambao kitabu kiliusifu kurasa nzima, ulifungwa Januari 2023, na mahali pake pakafunguliwa Tiana's Bayou Adventure mwezi Juni 2024. Eneo zima la filamu za Star Wars ndani ya Hollywood Studios, lililofunguliwa Agosti 2019, halikuwamo kabisa.

Lakini kulikuwa na kurasa ambazo sikuziwekea alama hata moja. Kwamba ukiegesha gari lako kwa ajili ya Magic Kingdom bado hujafika: unashuka, kisha unavuka ziwa kwa kivuko au unazunguka kwa treni ya reli moja ndipo ufike langoni. Kwamba njia inayozunguka ziwa la EPCOT, yenye mabanda ya nchi 11, ina urefu wa takriban kilomita 2. Kwamba saa ya kwanza baada ya lango kufunguliwa foleni ni fupi kuliko saa yoyote ya mchana. Hayo yalikuwa kweli 2018 na yalikuwa kweli tulipofika.

Basi nikajua kitabu nakitakia nini. Bei, majina ya mifumo ya foleni na saa za kufunguliwa nitazitoa kwenye programu ya simu ya Disney wenyewe, maana hata toleo jipya kabisa haliwezi kukimbizana nazo. Vitabu vya mwaka 2024 vilikuwa vimechapwa kabla mfumo wa kulipia ili ukwepe foleni ndefu haujabadilishwa jina kutoka Genie+ kuwa Lightning Lane Multi Pass, Julai 24 mwaka uleule. Kitabu nilikitaka kwa umbali, kwa sababu za mambo, na kwa ujasiri wa kuniambia kipi niache. Mwongozo unaosifu kila kitu haujamwongoza mtu, kwa sababu mgeni akisifiwa mambo mia anabaki palepale alipokuwa kabla hajaufungua.

Maduka ya vitabu ya hapa mjini yamejaa vitabu vya shule na vya dini, na si kosa lao, ndivyo vinavyonunuliwa. Kwa hiyo nilimtuma kaka. Karibu na kwake kuna maktaba ya umma, na humo alikuta vitabu vitatu vinavyohusu safari hiyo. Kimoja kilitolewa kwa idhini ya Disney, kina picha za rangi kila ukurasa. Cha pili kiliandikwa na watu wasiofungamana na kampuni, maandishi madogo, kinene kama Biblia ya madhabahuni. Cha tatu kilikuwa cha jimbo zima la Florida, na sehemu yetu ilikuwa kurasa chache tu. Sikumwomba anichagulie. Nilimwomba anipigie picha kurasa zilezile kutoka kila kitabu, anitumie kwa WhatsApp, nisome mwenyewe.

Nilichagua kurasa hizo kwa sababu maalumu.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa Kilimanjaro Safaris, ndani ya Animal Kingdom, ambako watu wanapanda lori la wazi na kupita katikati ya twiga, viboko na simba. Hili jambo nalijua. Tumeshakwenda Ruaha, tumengoja tembo kando ya mto, tunajua mnyama anapojificha jua likiwa kali. Nilitaka kuona nani anasema kweli juu ya jambo ninaloweza kumpima. Kitabu cha jimbo zima kilisema tu kwamba utajisikia uko Afrika. Kile cha picha kilieleza vizuri wanyama gani wamo. Kile kinene kilieleza kwamba safari yenyewe ni kama dakika 20, kwamba asubuhi wanyama wanatembea zaidi, na kwamba upande gani wa lori unakaa hakuna haja ya kugombea. Nikasema moyoni, huyu amepanda, tena si mara moja. Mtu akisema kweli kwenye jambo ninalolijua, ninamwamini kidogo kwenye yale nisiyoyajua.

Ukurasa wa pili ulikuwa wa Peter Pan's Flight. Nilikuwa nimesikia foleni yake ni ndefu miaka nenda rudi ingawa ni mchezo mpole wa watoto wadogo, na nilitaka kujua nani ataniambia kwa nini. Kile kinene kilieleza: vimashua vyake ni vidogo, kila kimoja kinachukua watu wawili au watatu, na vinaning'inia kwenye reli ya juu. Kwa saa moja wanaopita ni wachache. Jirani yake, Haunted Mansion, viti vyake vimefuatana kama mnyororo usiokatika na havisimami, kwa hiyo foleni inayoonekana ya kutisha inayeyuka upesi. Urefu wa foleni hauelezi uzuri wa mchezo. Unaeleza watu wangapi wanaingia kwa mara moja. Maelezo hayo yaliniwezesha kusoma hali kwa macho yangu mle ndani, hata pale ambapo kitabu hakikusema neno, na hicho ndicho ninachokithamini kuliko ratiba yoyote waliyoniandikia.

Ukurasa wa tatu ulikuwa wa wasioweza kutembea sana. Huu ndio ulioamua.

Mama ana magoti. Nyumbani anatembea, anakwenda sokoni Majengo, anarudi, anapika, na ukimwambia apumzike anakujibu kwamba aliyelala ni marehemu. Lakini kwenye bustani zile mtu anatembea tangu asubuhi hadi usiku. Nilihitaji mwandishi anayemjua mtu kama Mama. Kitabu kinene kilikuwa kimechukua kila mchezo mmoja mmoja na kueleza: hapa unaweza kubaki kwenye kiti chako cha magurudumu, hapa lazima uhamie kwenye kiti cha mchezo, hapa lazima uweze kutembea mwenyewe. Kilimanjaro Safaris, Mama anaingia na kiti chake. Peter Pan, kwa kuwa unapanda kutoka kwenye mkanda unaotembea, lazima uwe na miguu inayokusikia. Na kikasema wazi kitu ambacho wengi hawakitegemei, kwamba kukodi kiti cha magurudumu hakukuondoi kwenye foleni, kwenye michezo mingi mnapanga mstari pamoja na wengine.

Nilimsomea Mama ukurasa huo jioni moja, natafsiri huku nasoma. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi si mgonjwa." Nikamwambia, "Najua, Mama. Lakini kuzunguka ziwa moja tu ni kilomita 2, na hapo umeshatoka maegesho, na bado jioni haijafika." Akanyamaza. Akauliza, "Kiti nitasukumwa na nani?" Baba watoto akadakia, "Na mimi, mkweo." Akacheka, na kiti kikawa kimekubaliwa, huku Ipagala, kabla hatujakata tiketi. Sijui mazungumzo hayo yangekuwaje mbele ya watu wasiotujua, jua likiwa utosini.

Kaka akanunua kile kinene, akampa Mtanzania mmoja aliyekuwa anakuja likizo. Na kile cha picha nikamwambia akinunue pia, kwa ajili ya watoto. Wengine watasema vitabu viwili ni anasa. Mimi naona kila kitabu kina msomaji wake. Kile cha picha hakikuwa na kazi kwangu, ila kwa watoto kilikuwa mlango wa safari nzima. Kila mmoja aliambiwa achague mambo mawili kwa kila bustani, ayawekee kipande cha karatasi. Mawili, si zaidi. Kisha nikawa nachukua machaguo yao na kuyapeleka kwenye kitabu kinene kuuliza: saa ngapi, urefu gani, mbali kiasi gani.

Urefu ndio uliokuwa na kazi kubwa. Vitabu vyao vinatumia inchi, kwa hiyo nilikaa na kikokotoo nikaandika sentimeta pembeni: inchi 38 ni 97, inchi 40 ni 102, inchi 44 ni 112. Halafu nikachora mistari mitatu ya penseli kwenye fremu ya mlango wa chumba cha watoto, na juu ya kila mstari nikaandika majina. Kwenye 97 niliandika Seven Dwarfs Mine Train na Slinky Dog Dash. Kwenye 102, Tiana's Bayou Adventure na Soarin'. Kwenye 112, Space Mountain na Expedition Everest. Watoto wakavua viatu wakasimama. Kifungua mimba alipita mistari yote. Kitinda mimba alipita 102, akajivuta, akajinyoosha shingo, na bado 112 ilikuwa juu ya kichwa chake kama vidole vinne. Alilia kweli. Nilimwacha alie, nikamkumbatia, na baba yake akamwonyesha yale yote yaliyo chini ya mstari wake, yaliyokuwa mengi. Siku tulipofika mbele ya Space Mountain alisema mwenyewe kwa kaka yangu, "Mjomba, huu si wangu bado," akaenda na bibi yake kula. Kwa mzazi anayepanga safari hii, huo mlango ni bora kuliko sura tatu za ushauri.

Kitabu kilitueleza pia utaratibu wa kupokezana: pale ambapo mtoto mmoja hafikii kimo, mzazi mmoja anapanda na mkubwa, mwingine anabaki na mdogo, kisha wanabadilishana bila huyu wa pili kuanza foleni upya. Ni bure. Unamwambia mfanyakazi wa mlangoni tu.

Sehemu nyingine niliyoisoma mpaka karatasi ikalegea ni ya Desemba. Baada ya Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, mwishoni mwa Novemba, na kabla ya wiki ya Krismasi yenyewe kuna nafasi ambapo umati unapungua, na bahati nzuri shule zetu zinakuwa zimeshafungwa. Ila kuna jambo ambalo mgeni hawezi kulibahatisha. Msimu ule, jioni nyingi Magic Kingdom inafanya sherehe ya Krismasi yenye tiketi yake tofauti, na siku hizo wenye tiketi za kawaida wanatakiwa kutoka saa kumi na mbili jioni. Hawaoni fataki za usiku za kawaida. Kwa sababu hiyo watu wengi wanazikwepa siku hizo, na mchana wake unakuwa na nafasi. Kitabu kikatuuliza swali la wazi: mnataka fataki au mnataka foleni fupi? Sisi tulikuwa na Mama na mtoto mdogo ambao saa moja usiku wanasinzia. Tukachagua siku ya sherehe, tukatoka jioni na wengine, na tulikuwa tumeshafanya yote yaliyokuwa kwenye karatasi za watoto.

Ndani ya treni ya SGR kwenda Dar es Salaam kupanda ndege, wengine wakiangalia vichuguu na madaraja kule Kilosa, nilikuwa bado na penseli nafuta vitu. Ratiba ya dakika kwa dakika waliyoiweka kwenye kitabu niliiacha. Imeandikwa kwa watu wenye miguu minane na haraka, na sisi tulikuwa na kiti cha kusukuma. Nilichukua mpangilio wake tu: mbali kwanza, karibu baadaye, mchana kupumzika.

Animal Kingdom ndiyo iliyompendeza Mama kuliko zote. Katikati yake kuna mti mkubwa wa kutengenezwa kwa mikono, urefu wake kama mita 44, shina lake limechongwa wanyama zaidi ya 300. Una umbo la mbuyu. Mama aliyekulia kwenye mibuyu ya njia ya Mtera aliuzunguka na kiti chake, akawa anawataja wanyama kwa Kigogo, na wajukuu wanarudia. Kitabu kilitenga pale dakika chache. Tulikaa mpaka wakachoka wenyewe.

Kuna mambo ambayo hakuna kitabu hata kimoja kati ya hivyo kilinipa, na sioni ajabu. Vimeandikwa kwa Wamarekani wanaofika kwa gari lao au kwa ndege ya saa tatu. Hakuna anayemfikiria mtu anayetoka Dodoma. Kwa hiyo niliyaandika mwenyewe kwenye daftari la kaunta, kwa ajili ya ndugu watakaofuata.

Florida mwezi Desemba iko nyuma yetu kwa saa nane. Siku za kwanza watoto wanaamka saa tisa usiku wakiwa macho makavu, wanadai chai. Msipigane nao. Tumieni siku hizo kwenda bustani asubuhi mapema, maana nyinyi mtakuwa langoni wakati wenyeji bado wanapiga miayo. Mkikaa nje ya hoteli za Disney kama sisi, jueni kwamba waliolala kwenye hoteli hizo wanaingia nusu saa kabla yenu, na wao wanaweka nafasi za Lightning Lane siku saba kabla, nyinyi siku tatu. Bei iliyoandikwa kwenye rafu si bei ya kulipa. Kodi ya mauzo inaongezwa kaunta. Chaja zetu za pini tatu haziingii kwenye ukuta wao, na umeme wao ni volti 120, kwa hiyo angalieni maandishi kwenye chaja kwanza. Hali ya hewa wanaitaja kwa Farenhaiti: wakisema 50, hiyo ni nyuzi 10 zetu, na mtu wa Dodoma anahitaji sweta zito. Chakula mnaruhusiwa kuingia nacho, mradi kusiwe na chupa za glasi wala pombe. Sisi tulibeba chapati na mayai ya kuchemsha. Maji ya baridi mnapewa bure kwenye migahawa ya ndani yenye mashine ya soda, mkiomba.

Daftari hilo sasa liko Singida kwa wifi yangu. Yeye na wanawe wanajiandaa kwenda Paris, ambako bustani ni mbili tu, kwa hiyo kurasa zangu nyingi hazimhusu. Alichotaka ni yale maswali niliyoyauliza kwenye kurasa alizonipigia picha kaka. Nimemwandikia yote matatu, na nimemwongezea la nne: kitabu kinamwambia nini mtu aliyetoka mbali, akafika amechoka, na saa yake ya mwili bado iko nyumbani. Akikipata kitakachojibu hilo, nimemwomba aninunulie na mimi nakala.